Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mshairi Aliyekabidhiwa Sheria

Huku niliko mimi mpaka wa nchi mbili si ukuta wala si mto. Ni mstari tu, na ng'ombe wa Wamasai huuvuka bila kuomba ruhusa. Wengi wenu mlioko Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja mkisikia Rombo hudhani ni mahali pamoja, kumbe Rombo ziko mbili. Moja ni ya Wachaga, upande wa Tanzania, imekaa ubavuni mwa mlima Kilimanjaro. Ya pili ni hii yetu ya Kajiado, upande wa Kenya, chini ya mlima huo huo, baina ya Taveta na Loitokitok. Mimi ni mtu wa pwani, asili yangu Vanga, na riziki ndiyo iliyonileta huku kuuza nafaka na kununua nyanya na vitunguu. Nimekaa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mstari ule usiozuia ng'ombe unaweza kumzuia mjane.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililompata jirani yangu, mama mmoja kutoka pwani aliyefiwa na mumewe. Marehemu alikuwa Mchaga Mwislamu, mtu wa swala tano, mwenye nyumba na mbuzi upande huu na duka la vifaa upande wa pili. Aliacha mke mmoja, mabinti watatu na ndugu wawili wa kiume. Mirathi ya upande wa Kenya ilikwenda kwa kadhi. Mirathi ya upande wa Tanzania ilikwenda Mahakama ya Mwanzo, kwa hakimu, kwani huko Bara makadhi wa serikali hawapo. Nilikwenda kote kuwili kutoa ushahidi, na njiani nikirudi nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja aliyefariki dunia zaidi ya nusu karne iliyopita. Mtu huyo ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye wengine wamjua kwa vitabu vya mashairi na wengine wamjua kwa uwanja wa mpira wa Arusha tu, lakini ambaye mkono wake uliigusa mirathi ile kuliko alivyodhani yeyote kati yetu tuliokuwa tumekaa mahakamani.

Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Ujiji, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Huenda msomaji wa pwani akauliza mtu wa Ujiji ana nini na sisi. Jibu ni kwamba Ujiji ni binti wa pwani aliyeolewa mbali. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ilifika mwisho wake hapo, na pamoja na nguo na shanga ilipeleka kanzu, msikiti, na lugha hii tunayoiandika. Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa wakaingia mjini, wakasilimu, na watoto wao wakazaliwa na Kiswahili kinywani. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji hakujifunza Kiswahili kama mgeni. Alikipata nyumbani, kama alivyokipata mtoto wa Pangani. Hata mshairi mwingine aliyevuma katika siasa za Tanganyika, Saadani Abdu Kandoro, alitoka mji huo huo.

Amri alisoma nyumbani kwao, kisha akapelekwa Tabora, katika shule ya serikali iliyowatoa viongozi wengi wa Tanganyika, akiwemo Julius Nyerere. Baada ya shule alijifunza kazi ya posta, nayo ilikuwa kazi ya heshima kwa kijana Mwafrika wa siku zile, yenye mshahara na yenye kivuli. Lakini hakuzeekea posta. Akiwa Tabora alikuwa amejuana na Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri kutoka Bara Hindi, kiongozi wa ujumbe wa Ahmadiyya katika Afrika Mashariki. Amri akajiunga nao, akaiacha kazi ya serikali, akawa mhubiri.

Hapa yanipasa kusema wazi, kwani nikificha msomaji wa pwani atanishika. Masheikh wetu wa Kisunni hawakukubaliana na Maahmadiya, nao hawakubaliani nao hata leo, kwa sababu ya suala la mwisho wa utume. Kwetu sisi Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, ndiye wa mwisho, na mlango huo umefungwa. Watu wa pwani waliwaita wafuasi wale Makadiani, na jina hilo halikuwa la sifa. Kwa hiyo Amri Abedi aliingia katika maisha ya watu akiwa na mlango mmoja uliofungwa mbele yake, mlango wa misikiti mingi ya watu wa lugha yake mwenyewe. Mimi sikukusudia kuufungua wala kuukomea zaidi. Nataka tu ujulikane, kwa sababu bila ya kuujua huwezi kupima jinsi mtu yule alivyotembea.

Katika kazi ya uhubiri Amri alikuwa mmoja wa wasaidizi wakuu wa Sheikh Mubarak katika kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Kabla yake Kurani ya Kiswahili iliyokuwa ikijulikana ilikuwa ile ya Padre Godfrey Dale, iliyotoka mwaka 1923, kazi ya Mkristo. Tafsiri ya mwaka 1953 iliwaudhi masheikh wa pwani kwa maelezo yake, lakini iliwaamsha pia. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alijitia katika kazi ya kufasiri Kurani kwa mujibu wa madhehebu yetu, na kitabu chake kamili kikatoka mwaka 1969. Leo nyumba nyingi za Waislamu wa pwani zina kitabu hicho. Anayekisoma hana haja ya kumshukuru Amri Abedi, lakini mwanahistoria hana budi kusema kwamba ushindani wao ulikineemesha Kiswahili.

Mwaka uliofuata, 1954, kikatoka kitabu kilichomfanya Amri ajulikane hata na wasiomtaka: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Nakala yangu niliirithi kwa mjomba wangu, imekwisha jalada, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Mjomba alikuwa mtu wa Sunna asiyetaka kusikia habari za Makadiani, na kitabu kile alikificha chini ya mto. Hakukificha kwa kukidharau. Alikificha ili watu wasijue mizani yake amejifunzia wapi.

Kabla ya kitabu kile, sheria za utungaji zilikaa vichwani mwa mafundi. Kijana wa Lamu au Mvita alizipata kwa kukaa barazani, kusikia, kukosea na kuchekwa. Njia hiyo ilikuwa nzuri kwa aliyezaliwa karibu na baraza. Je, kijana wa Ujiji, wa Tabora, wa Dodoma au wa Rombo? Yeye alisoma mashairi gazetini, akaona uzuri wake, asijue umejengwaje. Amri akaketi akaziandika sheria zile moja moja. Akaeleza vina na jinsi vinavyokaa kati na mwisho wa mshororo. Akaeleza mizani, kwamba mshororo wa shairi la kawaida huwa na silabi kumi na sita, nane kabla ya kituo na nane baada yake. Akaeleza ubeti, urari wa maneno, na namna ya kufunga. Akashikilia kwamba shairi asili yake ni wimbo, na lisiloweza kuimbika lina kasoro katika kuitwa shairi. Kisha akatia diwani yake mwenyewe, ili asije akaambiwa kwamba mwalimu hajui kuogelea.

Baadaye, katika miaka ya 1970, walitokea watunzi wa Chuo Kikuu waliosema kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa shairi. Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata mpango huo, na pakazuka ubishi mkubwa magazetini na mikutanoni. Waliosimama upande wa mapokeo walikishika kitabu cha Amri kama wakili ashikavyo kitabu cha sheria. Mwenyewe alikuwa kaburini tayari, hakuweza kujibu wala kutetewa na ulimi wake. Lakini tazama jambo hili: hata waliotaka kuzivunja sheria zile walizikuta zimeandikwa, nao walijua wanavunja nini. Hiyo ndiyo faida ya sheria kuandikwa kwa lugha ya watu. Anayeifuata anajua anafuata nini, na anayeipinga anajua anapinga nini. Nakuomba ulishike neno hilo, msomaji, kwani tutalirudia mahakamani.

Katikati ya miaka ya 1950 Amri alikwenda Rabwah, nchini Pakistani, kuongeza elimu ya dini. Aliporudi alikuta TANU imepamba moto. TANU iliundwa mwaka 1954, na kwa kiasi kikubwa ilisema na watu kwa Kiswahili, katika mikutano ya hadhara ambapo shairi lilikuwa na nguvu sawa na hotuba. Mtu aliyejua kuhubiri, kutunga na kujadiliana bila hasira alikuwa na nafasi katika chama kama hicho. Mwaka 1960 Amri Abedi akawa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Fikiri ewe msomaji: mji wenye misikiti ya Washafii kila mtaa, na meya wake ni Mwahmadiya kutoka Ujiji. Watu hawakumchagulia madhehebu. Uhuru ulikuwa mlangoni, nao walitaka mtu mwenye akili na ulimi.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 serikali iliwaondoa Maprovinsho Komishna wa Kiingereza, na mahali pao ikaweka wakuu wa mikoa walio watu wa siasa, wenyeji wa nchi. Sheikh Amri akapewa Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Alirudi akiwa mtawala katika mji alioingia akiwa mwanafunzi mwenye kaptura, na eneo hilo la magharibi ndilo lililomzaa. Huko hakukaa muda mrefu. Mapema mwaka 1963 Waziri wa Sheria, Chifu Abdallah Fundikira, alitoka serikalini, na Rais Nyerere akamwita Amri Abedi aishike Wizara ya Sheria.

Hapa ndipo watu walipoinua nyusi. Sheikh Amri hakuwa wakili. Hakuvaa joho wala hakusomea sheria katika vyuo vya London kama walivyofanya mawakili wa zama zake. Sheria alizozijua kwa kina zilikuwa mbili: ya dini na ya mashairi. Lakini nchi yenyewe ilikuwa na sheria za namna nyingi mno. Palikuwa na sheria za Kiingereza kwa mahakama kuu. Palikuwa na mahakama za wenyeji zilizofuata mila za kila kabila. Na katika miji ya pwani palikuwa na maliwali na makadhi waliohukumu Waislamu kwa sharia, utaratibu uliotoka enzi za Masultani, ukapita kwa Wadachi na Waingereza. Serikali mpya ilitaka mahakama moja kwa watu wote. Mwaka ule wa 1963 Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ikaanza kutumika mwaka 1964. Mahakama za wenyeji, za maliwali na za makadhi zikafutwa Tanganyika nzima, na badala yake zikaja Mahakama za Mwanzo zenye hakimu wa serikali.

Ili uone uzito wa jambo hilo, uvuke mpaka uje upande wetu mwaka huo huo. Pwani ya Kenya, ukanda wa maili kumi, ilikuwa bado chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliisimamia kwa mkataba wa mwaka 1895. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, Waislamu wa pwani waliogopa kupoteza sharia yao. Mwezi wa Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, na Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, wakakubaliana kwa maandishi: Sultani aliuacha ukanda ule, na Kenya ikaahidi kulinda dini ya Waislamu na mahakama za kadhi. Ahadi hiyo ikaingia katika katiba, na katiba ya mwaka 2010 imeithibitisha. Pwani ya Tanganyika haikuwa na mkataba wa namna hiyo. Wajerumani waliinunua kwa Sultani mwaka 1890 kwa marki 4,000,000, na kitu kilichouzwa hakina mwenyewe wa kukidai. Kwa hiyo mtu wa Vanga alibaki na kadhi wake, na jamaa yake wa Moa, mwendo mfupi kusini, akampoteza, ingawa wote wawili huswali kuelekea kibla kimoja.

Wapo wanaosema kwamba Amri Abedi, kwa kuwa Mwahmadiya, alifurahia kuwaondoa makadhi wa Kisunni. Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa kilichokuwa moyoni mwake. Ninaloweza kusema ni kwamba mpango ule ulikuwa wa serikali nzima, uliziondoa mahakama za machifu pamoja na za makadhi, na ulikuwa na nia ya kuondoa ubaguzi wa mahakama ya Mzungu na mahakama ya mtu mweusi. Tena sharia yenyewe haikufutwa katika ndoa na mirathi ya Waislamu, ila aliyekabidhiwa kuitumia hakuwa tena mwanachuoni bali hakimu, awe Mwislamu au asiwe. Hata hivyo waziri ni waziri. Mambo yakifanyika chini ya kivuli chako, kivuli ni chako. Waislamu wa Bara wameendelea kulidai suala la kadhi miaka mingi baada ya kufa kwake, na hawadai kwa ujinga. Kadhi aliyeisoma elimu ya mirathi tangu utotoni si sawa na hakimu aliyeipata katika kijitabu.

Lakini upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Sheria ilikuwa ikikaa katika Kiingereza, na mshitakiwa aliposimama kizimbani alihitaji mkalimani ajue ameshitakiwa kwa kosa gani. Katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilikuwa ikikiinua Kiswahili. Mwaka 1962 Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili katika kuizindua Jamhuri, na mwaka 1963 akatoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari. Katika serikali hiyo Wizara ya Sheria ilikuwa mikononi mwa mtu aliyekwisha onyesha kwamba sheria ngumu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili safi ikaeleweka na kijana asiye na mwalimu. Mahakama za Mwanzo zikawa mahakama za Kiswahili: mashitaka, ushahidi, maandishi ya hakimu na hukumu. Mahakama za juu zilichelewa sana, kwani ilikuwa hadi mwaka 2021 ndipo Bunge la Tanzania lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Lakini mwananchi wa kawaida, ambaye kesi yake ni mbuzi, ukuta, talaka au urithi, alikuwa amekwisha kuipata lugha yake tangu 1964.

Mwaka huo wa 1964 ulikuwa wa mishindo. Januari yalitokea mapinduzi ya Unguja na maasi ya askari wa Tanganyika, na Aprili nchi mbili zikaungana. Katika serikali ya muungano Sheikh Amri alipewa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Naona hapo ndipo alipofika mahali pake hasa. Mwaka huo huo ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi tangu 1930, iligeuzwa kuwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mshairi akawa msimamizi wa utamaduni wa nchi wakati lugha yake inapata nyumba. Lakini hakupewa siku. Aliugua, akapelekwa Ujerumani ya Magharibi kutibiwa, na mwezi wa Oktoba 1964 akafariki dunia huko, akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Tuseme nini? Umri ni wa Mwenyezi Mungu. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu kitabu chake kitoke, na katika miaka hiyo kumi alikuwa mhubiri, mwanafunzi, meya, mkuu wa jimbo na waziri mara mbili. Arusha waliuita uwanja wao kwa jina lake, na vijana wanaopiga kelele humo siku ya mechi wengi wao hawajui kwamba wanakaa katika jina la fundi wa mizani.

Sasa nirudi kwa mjane wetu, kwani nilikuahidi msomaji kwamba tutakwenda mahakamani.

Upande wa Kenya, kadhi hakuhitaji kuambiwa mirathi ni nini. Aliuliza walioachwa, akahesabu papo hapo: mke ana thumuni kwa kuwa pana watoto, mabinti watatu wana thuluthi mbili wagawane sawa, na kilichobaki ni cha ndugu wa kiume. Mama yule alitoka na moyo mweupe. Amehukumiwa na mtu anayeijua dini yake, na alijua hukumu ile ni ya Mungu kabla ya kuwa ya serikali. Taabu ilikuja baadaye. Karatasi za kuhamisha mali zilipoanza kutoka katika ofisi nyingine, zilitoka kwa Kiingereza, akawa ananiletea dukani nimsomee. Mimi nami Kiingereza changu ni cha kuhesabia magunia. Tulikaa usiku mzima na karatasi moja, na kulipokucha hatukuwa na hakika kama mama ametia sahihi ya kupokea au ya kutoa.

Upande wa Tanzania mambo yaligeuka. Shemeji zake walidai kwamba marehemu alikuwa mtu wa ukoo, na mali yake ifuate mila, ambapo mabinti wangepata kidogo. Hakimu hakuwa sheikh. Ikabidi kwanza ithibitishwe marehemu aliishi maisha gani, ya kimila au ya Kiislamu, maana huko ndiko sheria inakotazama. Mama alilia. Aliona ni fedheha kubwa kwamba mtu aliyeswali miaka yote aitiwe mashahidi wa Uislamu wake akiwa amekwisha zikwa. Nami niliona uchungu. Nilisimama nikaeleza nilivyomjua: swala zake, funga zake, ndoa yake, watoto wake na chuo walichosomea. Lakini kila nililosema, nilimwona hakimu akiliandika kwa Kiswahili, na alipomaliza alinisomea ili nikubali kwamba ndivyo nilivyosema. Shemeji nao walisema, nao wakasomewa. Siku ya hukumu mama alisikia kila neno, sababu na hesabu, bila mkalimani. Hakimu alikubali kwamba marehemu aliishi Kiislamu, akagawa thumuni, thuluthi mbili na baki, sawasawa na kadhi. Hata shemeji walioshindwa walijua wameshindwa kwa neno gani.

Njia mbili zilifika katika hesabu moja. Upande mmoja palikuwa na mwenye elimu ya sharia, lakini karatasi zilikuwa za lugha ya kigeni. Upande wa pili lugha ilikuwa yetu, lakini mwenye elimu hakuwapo, na heri ilitegemea uangalifu wa hakimu mmoja. Angekuwa hakimu mzembe, mabinti wale wangetoka mikono mitupu kwa Kiswahili fasaha. Na hili silisemi kwa kumpunguzia Sheikh Amri haki yake. Nalisema kwa sababu nadhani yeye, aliyefundisha kwamba mshororo una vipande viwili na shairi haliimbiki kimoja kikipungua, angelielewa upesi kuliko mawakili. Haki nayo ina vipande viwili. Ina elimu ya anayehukumu, na ina lugha ya anayehukumiwa.

Kwa hiyo nikiulizwa na vijana wa hapa Rombo wanaokuja dukani jioni kujifunza kutunga, sheikh huyu tumweke wapi, huwajibu kwamba tumweke mahali pake. Katika itikadi tulitengana naye, na hakuna haja ya kujifanya sivyo. Katika suala la makadhi, wizara yake iliacha pengo ambalo Waislamu wa Bara wanalihisi hadi leo. Lakini katika lugha ni mzee wetu. Aliichukua elimu iliyokuwa ya wachache wa barazani akaigawa kwa kila ajuaye kusoma, na mtu wa tabia hiyo alipopewa sheria za nchi, nchi ilikuwa imekwisha mwona anafanyaje na sheria.

Ile nakala ya mjomba siifichi tena chini ya mto. Iko juu ya kaunta, karibu na mizani ya kupimia maharagwe, na vijana wanaifungua wapendavyo. Mmoja wao ni binti mkubwa wa yule marehemu. Yeye hataki habari za siasa. Anahesabu silabi kwa vidole, nane huku na nane huku, na akikosea hurudi mwanzo.